Kiapo cha Mkalimani

Miaka kumi na tisa nasimama kati ya kizimba na meza ya hakimu,
napokea Kiswahili upande huu,
nakitoa Kiingereza upande ule,
na sijapata kukwama kwa neno
ila Jumatano ile, kesi ya wauza maji.

Shekue Athmani wa Guraya, mshtakiwa.
Nyamawi Mwachiti wa Kaloleni, jicho moja.
Kila mtu na mkokoteni wake, mitungi ishirini,
na hoteli moja ya Mwembe Tayari iliyotaka maji ya mmoja.

“Tulikubaliana,” asema Shekue.
“Tukakutana Makadara baada ya isha.
Tukapeana mikono. Tukapigana.”
Na Nyamawi, shahidi wa Jamhuri, pamba jichoni,
akaitikia kwa kichwa: “Ndivyo. Tulipigana.”

Isikilize hiyo *-ana*.
Mkia wa kitenzi, silabi mbili,
na ndani yake hakuna aliyepiga wala aliyepigwa,
kuna wawili na tendo lao,
kama sinia moja ya wali.
Lakini karatasi ya mashtaka haina *-ana*.
Karatasi yataka nani alimpiga nani.
Ikawa kazi yangu kushika kisu
na kuukata mkia wa neno mbele ya wenyewe.

Bi Mwanasiti, wakili, akasimama:
“Hiari yashinda utumwa, mheshimiwa.
Mabondia hulipwa kwa haya haya
na askari huwalindia mlango.”
Kiongozi wa mashtaka naye:
“Bondia ana refa, ana kengele.
Na jicho si mtungi wa maji, mtu aliuze apendapo.”

Nyamawi akaomba ruhusa.
“Jicho ni langu,” alisema. “Jamhuri haikuwako Makadara.
Ingekuwako tungeiona, taa zilikuwa zawaka.”
Watu wakacheka.
Hakimu aliandika.

Kisha akauliza: “Mlikuwa na masharti?”
Walikuwa nayo.
Bila jiwe, bila chuma, bila ndugu.
Na atakayesema basi, basi.

Akaitwa Mbwarali, mkaanga mihogo, aliyekuwa karibu na karai lake.
“Nilimsikia Nyamawi. Kisha ikaja ngumi ya mwisho.”
“Alisemaje?”
“Alisema, basi.”

Hakimu akanigeukia mimi.
“Tafsiri.”

Basi ya kukoma,
ya mgeni aliyeshiba akifunika sahani kwa kiganja?
Au basi ya kuanza:
basi njoo, basi kama ni hivyo, basi tuone?
Mdomo umejaa damu, nani atausikia mkato?
Neno ni mlango, na mimi sikuwako
kuona kama ulikuwa ukifungwa au ukifunguliwa.
Ukifungwa, ngumi ile ni ya Shekue peke yake,
na Shimo la Tewa yamngoja.
Ukifunguliwa, bado ni yao wote wawili,
ingawa sheria, nimeisoma, yasema hata hivyo
hakuna ridhaa inayofika hadi kwenye jicho.

Akaulizwa mwenye kinywa.
Nyamawi aliinama kitambo, feni ikizunguka
na kugonga pale inapogonga siku zote.
“Sikumbuki nilitaka nini,” akasema.
“Nakumbuka nililisema.”

Nami niliapa kufasiri kwa uaminifu.
Nikalitamka lilivyo, *basi*,
nikaliweka katikati ya Kiingereza kama punje ya mchanga ndani ya wali.
Hakimu akaliandika, akalipigia mstari,
akaahirisha hadi tarehe kumi na nne.

Nyumbani Rukiya akanimiminia chai.
“Utasema basi,” akaniambia, kama kila jioni.
Nikaitazama ikipanda ukingoni.
Nikashika ulimi.
Ikajaa kisahani, ikashuka mezani, ikanifikia mapajani.

“Mbona husemi?” aliuliza,
birika lingali limeinama.