Maili Kumi kwa Saa

Orrin Haskett hataki tuseme reli imefufuka.
"Andikeni matengenezo," asema. "Benki haikopeshi miujiza."
Basi natengeneza:
maili arobaini na moja za jangwa la Arizona,
kutoka mgodi wa jasi hadi njia kuu,
nyundo begani, chupa tatu za maji,
nagonga taruma moja moja na kusikiliza.
Lililo zima hulia ngo.
Lililooza hunyamaza, kama mtu anayelijua deni lake.

Maili ya tisa, chuma kimezama mchangani.
Tunakifukua alfajiri, kabla hakijaanza kuchoma,
na upepo wa alasiri unarudisha nusu.
"Kutwanga maji," anacheka Eusebio,
lakini kila siku kuna kipande
ambacho upepo umekisahau.

Maili ya kumi na sita, kobe.
Ameingia katikati ya reli, hawezi kutoka,
ametembea hadi makucha yamelika.
Namwinua taratibu, chini chini,
maana kobe akishtuka humwaga maji aliyojiwekea,
na huku hayo ni maji ya mwaka.

Maili ya ishirini na saba,
Bi Leocadia Bustamante amefunga kamba ya nguo
kwenye nguzo ya ishara. Miaka kumi na tisa
ya mashuka, na suruali za marehemu anazozifua bado,
na mkono wa ishara juu yake ukisema pita, pita.
Nilimwomba aihamishe. Akauliza tarehe.
Nikamtajia. Akauliza saa.
Nikacheka. Hakucheka.

Injini yetu ni ya mtumba, imetoka Iowa,
ubavuni ingali imechorwa hindi la njano.
Mabehewa saba ya unga mweupe.
Mtoto wa baiskeli alitupita,
akageuka, akatupita tena.
Mimi ngazini, nikiyasikia mataruma kwa tumbo:
lile, lile,
lile nililolitilia shaka.

Kamba alikuwa ameisogeza hatua kumi, hakuzidisha.
Alitazama saa yake, akatuonyesha vidole vinne:
dakika nne mmechelewa.
Kisha vumbi letu likamwendea, lote.
Kwenye mashuka halikuonekana.
Kwenye suruali nyeusi lilitua magotini, mapajani,
mahali pale pale lilipokuwa likitua
mwenyewe alipokuwa akirudi zamu.

Niliinua mkono kuomba radhi.
Aliishika ile suruali kwa pindo,
akaiangalia.
Hakuikung'uta.