Safu ya Tarehe

Mkurugenzi anataka jedwali kabla ya Ijumaa:
programu zipi za takwimu bado zina uhai,
zipi zimelala, zipi zizikwe.
"Hesabu matoleo," alisema Pirkka, akivua glavu moja.
"Inayosasishwa sana ndiyo tutakayoikabidhi misitu."

Nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Joensuu yote imefunga mdomo.
Nina kahawa, nina tarehe, nina rula ya mbao
nisiyoihitaji, ila mkono hupenda kushika kitu.

Nikaanza na Lumo, kijana wa mjini:
matoleo ishirini na sita kwa mwaka mmoja,
kila wiki ya pili ana shati jipya.
Nikamsoma polepole.
La nane linarekebisha la saba,
la tisa linaomba radhi kwa ajili ya la nane,
la kumi limebadili rangi ya kitufe,
la kumi na moja limeirudisha
kwa kuwa watu wa Uppsala walinung'unika.
Hata hivyo kwenye grafu yangu Lumo anapaa.
Grafu haiulizi ulikuwa unakwenda wapi,
inauliza tu kama miguu ilitikisika.

Kisha Vadstrup, ile ya kulipia:
toleo moja kila Septemba, kama ada ya shule,
hitilafu zilezile, zimechanwa nywele.

Mwisho, Kaarna. Maana yake gome la mti.
Ndiyo niliyojifunzia kukadiria ujazo wa misonobari
nikiwa na miaka ishirini na mbili na viatu vya kuazima.
Toleo la mwisho: miaka tisa iliyopita, Jumanne.
Baada ya hapo hakuna nukta.
Mstari umelala chini ya grafu kama uzi ulioanguka sakafuni.

Niliandika: imekufa.
Nikafuta.
Niliandika: imekamilika.
Nikafuta hilo pia, maana sikuwa na ushahidi,
na mimi hulipwa kwa ushahidi.
Aliyenyamaza huenda amekufa, huenda ameshiba,
huenda anasubiri kuulizwa;
yote matatu hutoa sifuri ileile.

Basi nikapiga simu Lieksa,
namba ya mezani, mstari wa mwisho wa maelezo.
Iliita mara kumi na moja.
"Hakkarainen."
"Naitwa Tellervo, wa taasisi ya misitu."
"Kuna kilichoharibika?"
"Hapana."
"Basi unapigia nini?"

Nikamweleza: jedwali, Ijumaa, Pirkka.
Akavuta kiti; nikasikia miguu yake ikikwaruza sakafu.
"Mstari wa mia mbili na kumi na mbili," alisema.
"Mti ukiwa na kipenyo chini ya sentimita nne
inagawanya kwa kisichostahili.
Miche inaonekana minene kuliko ilivyo.
Nalijua kosa hilo mwaka wa sita sasa.
Marekebisho yako kwenye daftari, jikoni,
nyuma ya orodha ya dawa za Hilja."
"Mbona hukutoa toleo?"
"Hakuna aliyeuliza. Na Hilja alikuwa anaumwa.
Kisha hakuwa anaumwa tena."

Sikuuliza zaidi.
Huku kwetu kunyamaza si utovu wa adabu.

Akanisomea herufi kwa herufi, mabano kwa mabano,
kama mtu anayemwachia jirani ufunguo.
Niliandika kwa penseli, nikachapa, nikajaribu
kwa miche mia nne kutoka Ilomantsi.
Ikakonda. Ikawa miche ya kweli.

Saa tisa alasiri, jua limeshazama,
toleo jipya likatoka,
jina lake juu, langu chini kwa herufi ndogo,
na grafu yangu ikaharibika:
nukta moja upande wa kulia kabisa,
mbali na nyingine kwa miaka tisa,
na aliyeiweka ni mimi,
niliyetumwa kuhesabu tu.

Pirkka atauliza: hai, au imekufa?
Jedwali lina visanduku viwili.
Nimechukua rula, nimechora cha tatu,
ndani yake nimeandika namba ya simu ya Lieksa.