Kibao cha Stoo

Duka letu halifungwi.
Krismasi, theluji ya Januari,
hata siku ile dizeli ilipoganda matangini,
taa zilikuwa zinawaka na mimi nyuma ya kaunta.
Sasa wakili wake, binti wa Okerlund,
amesimama mbele ya majaji watano, Bismarck, anauliza:
mtu atavunjaje mahali pasipofungwa?
Amevunja nini?

Nimeendesha maili mia na kumi kulisikia swali hilo,
nikalisikia nikiwa benchi la nyuma, sijavua koti.

Kwa kweli hakuvunja kitu.
Alikuja saa tisa usiku, Wendell Krause,
sikio moja limebabuka kwa baridi,
akanunua kahawa, akalipa kwa sarafu moja moja,
akalizunguka friji la maziwa,
akausukuma mlango wa stoo kwa bega
kama mtu anayeingia kwao.
Nilikuwa nahesabu tiketi za bahati nasibu. Sikumwona.
Kamera ndiyo iliyomwona:
katoni nne za sigara, betri,
na glavu za bosi wangu Lyle, zilizokuwa zinakauka juu ya hita.

Miaka mitano.
Wizi mtupu ungekuwa miezi.
Mlango ndio uliozaa miaka.

Mlango, na kibao chake.

Nilipokwisha kuapa, mwendesha mashtaka aliniuliza, kwa upole:
"Mlangoni pana kibao, WAFANYAKAZI TU?"
Nikajibu, "Pana."
Na kweli pana. Lyle alikikaza kwa skrubu nne mpya
polisi walipokwisha kuondoka.
Usiku ule kilikuwa sakafuni, nyuma ya ndoo ya deki,
gundi yake imekufa tangu Novemba.
Usiku ule sikuulizwa.
Niliulizwa pana, nikasema pana.
Silabi mbili. Ukurasa wa themanini na nane,
mstari wa kumi na nne.

Jaji wa katikati, mama wa miwani ya kamba, anaufikia.
"Shahidi Thorsgaard alisema kibao kipo."
Sauti yangu kinywani mwake ni nzito, imevaa joho.
Okerlund anainama. Anayo karatasi hiyohiyo.

Natamani kunyoosha mkono kama mtoto wa shule.
Lakini hapa hawasikilizi mashahidi, wanawasoma.
Jalada limefungwa,
na jalada, si kama duka letu, lina kufuli.

Ukumbini dada yake ananisogelea.
"Wewe ndiye wa dukani?"
"Ndiye."
"Alisema ulimwongezea kahawa bure."
Nilimwongezea. Hilo halimo popote.

Hukumu itakuja kwa maandishi, wiki sita, labda nane.
Leo naingia zamu saa nne usiku.
Kadi ya Okerlund imo mfukoni, kona zake zimeshalainika,
na kabla sijavaa aproni naenda mpaka mlangoni pa stoo,
najaribu skrubu moja kwa kucha.
Haitoki.
Bisibisi iko droo ya pili.
Mtu anaingia, anataka sigara.