Nyota, Reli, Sifuri, Sita, Reli

Niliitoa kwenye boksi kama mtoto wa siku saba,
nikaipangusa kwa pindo la khanga
ingawa haikuwa na vumbi.
Nikatia laini yangu ya hapa, ya pauni kumi kwa mwezi.
Ikasema: laini hii haitambuliki.
Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha.
Haitambuliki.

Miaka kumi na mmoja niko Leicester,
mji umeshanieleza hivyo kwa midomo ya watu.
Sikujua na vioo hujifunza.

Barabara ya Narborough, baina ya kinyozi
na duka la bamia za barafu,
Dilshad ana kibanda cha upana wa kitanda.
Akabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli,
zikajipanga tarakimu kumi na tano,
nasaba nzima ya simu, baba na babu.
Akazinakili kiganjani kwa kalamu,
akaiuliza kompyuta yake,
kisha akanitazama namna daktari anavyomtazama
mgonjwa aliyekuja peke yake.

"Dada, hii haina ugonjwa. Ina deni.
Kampuni ya Amerika ndiyo iliyoifunga.
Imelipiwa miezi mitatu kati ya ishirini na nne.
Utaambiwa na watu huko mbele wataivunja kufuli,
usiwape hata senti."
Akakataa na malipo yangu.

Deni?
Mimi nilituma pesa kamili.
Zamu kumi na nne za usiku,
kuwageuza wazee ubavu huu na ubavu ule,
kumwitikia Bi Doreen kwa jina la binti yake
kwa kuwa binti mwenyewe haji.
Nikamtumia Shaame, Columbus, Ohio,
kwa sababu kule bei nafuu, alisema,
na kwa sababu Shaame ni Shaame:
kwenye picha zote ameegemea gari
jeusi, refu, mkono mmoja mfukoni.

Nilimpigia saa tano usiku, kwao jua ndiyo linazama,
kwa simu yangu kuukuu yenye ufa toka pembe hadi pembe.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyanoa huku na huku.
Akapokea. Nikasikia pumzi, halafu meno.
Meno yalikuwa yakigongana.
"Hita," akasema. "Wameikata tangu Jumanne.
Nimevaa makoti mawili, najicheka."
Na gari?
"La jirani. Hata mwenyewe hajui."

Maneno yangu yakabaki mkononi
kama kisu mbele ya mtu aliyekuja kuomba maji.

Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga.
Hawakusema alipe nani.
Wahenga hawakuwa na kaka Ohio.

Nikalipa. Ya hita kwanza, kusema kweli,
kisha ile miezi ishirini na mmoja, kwa zamu nyingine
ambazo sikuzihesabu.
Zile pesa za mwanzo hatujazitaja mpaka leo.
Kampuni ilitaka kusikia sauti ya mwenye akaunti tu,
basi nikamsomea Shaame tarakimu moja moja,
naye akizirudia nyuma yangu
kama tulivyorudia jedwali la saba
huku mwalimu akizungukazunguka na fimbo.
Tulipofika ya kumi na tano tulinyamaza kidogo.
Hakuna aliyetaka kukata.

Saa sabini na mbili, walisema.
Ilikuwa siku ya sita, ndani ya basi, mvua ya kuchokoza,
vijiti vya mtandao vikasimama pembeni mwa kioo:
kimoja, viwili, vinne.
Nilidhani nitafurahi zaidi.
Nilimwonyesha abiria wa jirani, mtu nisiyemjua.
Akasema, "Simu nzuri."
Nikasema, "Ya kaka yangu,"
na sikujisahihisha.

Usiku ikalia kwa mara ya kwanza. Picha, toka kwa Shaame.
Hakuna gari.
Makoti mawili
yametundikwa nyuma ya mlango.