Kata Moja, Kisha Ngoja

Ukumbini Nkuhungu, mshereheshaji ananiita tena:
"Shangazi wa bibi harusi, simama tukuone!"
Nasimama. Nacheka. Nakaa.
Hiyo ni kata ya tisa, na keki haijakatwa.

Mama Mbeleje ameshaniuliza mbona nimekonda,
mkwewe akaniuliza nimenenepa lini.
Kuna mzee kanishika mikono yote miwili,
ati alinibeba mgongoni kule Mvumi, simkumbuki?
Simkumbuki. Nimesema namkumbuka.
Nayo ni kata.

Jina langu Sechelela. Kwa Kigogo: shangilia.
Nilipewa amri kabla sijapewa ziwa,
na miaka arobaini na miwili nimeitii,
hadi nikifika nyumbani nakaa kitandani na viatu,
mtoto akiuliza chumvi iko wapi
nalia.

Leo nimetoka. Sikuaga.
Nimepita jikoni, katikati ya masufuria,
nikakalia kreti la soda nyuma ya ukumbi,
upepo ukanimwagia vumbi usoni,
vumbi lisilouliza kitu.

Nikaliona korongo la kwetu, mwezi wa kumi,
tunachimba mchanga mpaka kiunoni
na maji yanakuja kwa kuchungulia,
kama mwali mbele ya wageni.
Mwenye pupa aliteka tope.
Hakuna aliyetufundisha, kiu ilitosha:
kata moja, kisha ngoja.
Fukuza mbuzi. Piga soga. Ngoja.
Na katika wote waliopanga ndoo pale
sikumsikia hata mmoja
akikiita kisima kichoyo.

Ndahani, kijana wa vinywaji, akanikuta:
"Shangazi, unaumwa?"
"Hapana. Najaa."
Muziki ulikuwa mkubwa. Akasikia njaa,
akaniletea pilau, sahani imefura,
na kachumbari pembeni.
Nikala. Hakukosea sana.

Nilirudi kwa wimbo mmoja tu, ule wa kutunza.
Sikurusha mikono, sikupiga vigelegele.
Nilimshika Nyemo mashavu, nikamtazama
mpaka akaacha kutabasamu kwa ajili ya kamera
akatabasamu kwa ajili yangu.
Maji meupe, hayo. Hayana mchanga.

Saa nne kasoro nilikuwa juu ya bodaboda,
viatu mkononi.
Nasikia walinitafuta kwa picha ya ukoo,
mshereheshaji akaliita jina langu mara tatu:
Shangilia! Shangilia! Shangilia!

Nami nilikuwa barabarani, kimya,
najaa.