Meza ya Kehl

Waya ulitoka Paris, ukapita mashamba ya ngano,
ukaruka mito, ukatoboa misitu,
radi yenyewe ingeuonea wivu,
ukafika mpakani ukakatika.
Si kwa ajali. Kwa amri.
Ufaransa ilikuwa na mashine yake, Baden ilikuwa na yake,
na mashine hizo hazikusemezana,
kama ndugu waliogombea mirathi.

Katikati wakaweka meza ya mwaloni,
upana wake dhiraa mbili.
Upande huu Anselme Kuntzel, karani wa Paris,
upande ule Ottmar Zipperle, karani wa Karlsruhe.
Anselme alisikiliza vigongo, akaandika,
akaunyunyizia wino mchanga, akasukuma karatasi.
Ottmar akaipokea, akaitafsiri, akagonga upya.

Basi habari iliyokata maili mia tatu
kwa kufumba na kufumbua
ilikaa kwenye zile dhiraa mbili
ikimngoja Ottmar amalize supu yake ya dengu.

Ukutani zilining'inia saa mbili,
moja ya Paris, moja ya Karlsruhe.
Ottmar akikabidhi ujumbe saa tisa na dakika ishirini na nne,
Anselme aliupokea saa tisa kamili.
Mkaguzi alipouliza, kalamu imesimama hewani,
inakuwaje jibu lifike kabla ya kutumwa,
Anselme alijibu:
"Bwana, sisi hapa hatupendi kuchelewesha watu."

Walicheka kwa miaka mitatu.

Kisha Februari moja, usiku, theluji mlangoni,
ikaja simu ya mjane wa Lyon
kwa mwanawe, mwashi wa huko Karlsruhe:
Baba amefariki. Mazishi tarehe 1.
Anselme aliandika moja kama alivyofundishwa na masista,
yenye mkia mrefu wa kupandia.
Ottmar aliisoma kama alivyofundishwa na baba yake.
Akagonga saba.

Mwashi alirudi kupitia Kehl siku ya kumi,
kofia mkononi, chokaa bado kwenye kucha.
Hakupaza sauti. Alitandaza karatasi yake mezani,
akauliza tu: "Nani aliyeandika saba?"

Anselme akaonyesha: hii ni moja.
Ottmar akaonyesha: hii ni saba.
Na ubaya wa jambo hili ni kwamba
hakuna aliyekuwa na makosa.
Mtu alikuta kaburi la baba yake limekwisha kushuka udongo
kwa sababu ya mkia wa tarakimu.

Siku ile Ottmar aliitia saba yake kistari tumboni.
Anselme akaikata moja yake mkia.
Hawakupeana mkono. Hapakuwa na lakiri wala mashahidi,
ila supu iliyopoa.
Huo ndio mkataba wa kwanza ninaoujali mimi.

Ule mwingine ulikuja baadaye, huko Paris,
mwaka elfu moja mia nane sitini na tano:
wajumbe wenye nishani, mataifa ishirini,
wiki kwa wiki wakibishana juu ya nukta na kistari,
bei ya maneno, mashine ya aina gani,
watu wazima, wengine wamewahi kupigana vita,
sasa wanarushiana visigino vya sentensi.
Wakatia sahihi. Nchi zikapata lugha moja ya vidole.

Mafundi wakaja Kehl na koleo.
Waliunganisha waya juu ya vichwa vya wale wawili
kwa muda wa kuvuta kiko kimoja.
Ujumbe wa kwanza ukapita bila kutua,
nao wakatazama dari
kama watu wanaosikia ndege wasiyemwona.

Ottmar alistaafu akauza maziwa.
Katika daftari lake la madeni
kila saba ina kistari tumboni.

Meza ikatupwa chumba cha mizigo.
Ilikuwa ikiyumba, mguu mmoja umelegea.
Msimamizi alitaka kuitengeneza, akanunua skrubu Kehl;
zikakataa kuingia
kwenye matundu yaliyotobolewa Strasbourg.