Saa Nane

Mimi ni Yangjin, sipandi.
Kazi yangu redio, daftari na birika,
hema la turubai juu ya barafu inayotembea;
usiku naisikia ikikohoa chini ya mkeka.

Naandika: nani katoka, saa ngapi,
mitungi mingapi mgongoni, mingapi imefukiwa kambi ya tatu,
nani kala, nani kasema ameshiba na sahani imejaa.
Huyo wa mwisho namwekea alama.
Mlima huanza kumla mtu kwenye hamu ya chakula.

Kabla ya safari tulichoma mreteni,
lama akaturushia unga, tukapakana mashavuni,
na baada ya unga nikakagua kamba,
uzi kwa uzi, kwa kidole kisicho na glavu,
nikatupa mbili ambazo macho yaliziona nzima.
Lama akacheka: Kwani huamini dua?
Naamini.
Ndiyo maana siiachii dua kazi ya kamba.

Bwana Isozaki, daktari wa meno,
miaka kumi na mmoja ya akiba,
alitia sahihi yake chini ya mstari wangu:
*Saa nane mchana, popote tulipo, tunageuka.*
Alitia sahihi akitabasamu,
kama mtu apokeaye kifurushi.

Saa nane kasoro dakika sita redio ikakwaruza.
Jangbu: "Tunakiona kilele. Hatua mia. Labda mia na ishirini."
Nyuma yake upepo, na pumzi ya mtu wa pili, msumeno mtupu.
"Mbingu?"
"Safi. Haina hata unyoya."
"Mtungi wake?"
Kimya. Kisha namba.
Wino ulikuwa umeganda, nikaupasha kwapani,
na nilipokuwa tayari kuandika
nikasema, "Jangbu, saa nane imefika."

Hatua mia!
Kutoka jikoni hadi chooni kwetu ni hatua mia.
Lakini huko juu hatua inauzwa kwa pumzi tano, kwa sita,
na duka la njia ya kurudi halikopeshi.

Nilimsikia daktari akilia, bila maneno.
Nikamsikia Jangbu kwa lugha ya kuazima:
"Nichukie. Lakini nichukie chini."

Wakageuka.

Sasa sikiliza kinachoniuma:
dhoruba haikuja.
Nililingoja wingu
kama aliyefunga madirisha angojavyo mvua
ili asionekane mjinga.
Kikundi cha mahema ya njano kiliwapita,
kikafika kileleni saa kumi, kikapiga picha,
kikashuka usiku, taa vichwani,
wote tisa, wakiimba.

Daktari aliwatazama kutoka mlangoni,
supu ikimpoa mikononi, mikono ya vidole kumi.
Sijui kama alivihesabu.
Mimi nilivihesabu.

Hakutoa bakshishi.
Bati la paa la mama yake Jangbu
lingojee mwaka mwingine.

Ajali isiyotokea haina kaburi.
Hakuna ajaye kushukuru
kwa maiti ambayo hatukuibeba.
Baba yangu ana jiwe lake kule ukingoni,
jina limechongwa, upepo umeanza kulisoma kwa kulifuta.
Siku yake pia mbingu ilikuwa safi.
Zilibaki hatua sitini.
"Sitini," mama husema hadi leo akimenya viazi,
kana kwamba anataja deni la jirani.

Jangbu aliingia jikoni, akavua viatu,
akauliza nimeandika nini.
Nikamgeuzia daftari. *Saa nane. Wamegeuka.*
Akasoma polepole, akaomba chai, yenye chumvi zaidi.

Usiku sana daktari alirudisha sahani
bila neno, bila kunitazama.
Ilikuwa tupu.
Nikaandika hivyo.